Mwambie yeye, usimwambie shoga

KAULI YA NYUMBANI
Na Zuhura Mwinyikai

Jirani mwenye kidomodomo ana kanga yake dukani. Mke mwenza anayevuka mipaka anayo. Hata mume anayerudi usiku wa manane hufunguliwa mlango na kanga mpya, akasoma, akanywea. Mume anayenuka kikwapa ndiye hana kanga. Wala mke ambaye kinywa chake kinamfanya mumewe alale ameelekea ukutani hana. Hapo watu wa pwani, tunaosifika kwa mafumbo, tunaishiwa maneno.

Tunaishiwa mbele ya mhusika tu. Kwingine yamejaa tele: shoga anajua, wifi anajua, msusi anajua, na kijiwe cha kahawa kimeshacheka. Asiye na habari ni mwenye kikwapa peke yake.

Ndiyo maana nasema sitara tumeipindua. Kumsitiri mwenzio ni kufunika aibu yake wasiione watu. Sisi tunaianika kwa watu, kisha tunamfunika macho yeye.

Naye hawezi kujigundua. Pua huzoea harufu inayokaa nayo muda wote, ikaacha kuisikia. Ndiyo maana mtu hunusa kwapa la abiria mwenzake kwenye daladala akaona lake halina neno. Jasho lenyewe likitoka karibu halina harufu. Harufu huja bakteria wa kwapani na kinenani wanapolivunjavunja. Kwa hiyo marashi juu ya fulana ya jana hayasaidii kitu. Dawa ni maji, sabuni, kujikausha na nguo safi. Na asiseme maji ni ya mgao: ndoo nusu inatosha kwapa, kinena na miguu.

Wengine wana kisingizio kikubwa zaidi: jasho la kutafuta riziki. Jasho hilo lina heshima yake, lakini heshima hiyo inaishia mlango wa bafu. Tatizo ni malezi. Binti wa pwani akifundwa, somo humfundisha kuoga, kujifukiza udi, kutandaza asumini kitandani, hata kumwandalia mume maji. Kijana wa kiume nani alimweka chini akamwambia habari ya soksi zake? Anaingia kwenye ndoa akidhani usafi wa miili miwili ni kazi ya mtu mmoja.

Basi aambiwe, tena waziwazi. Ukimnunulia sabuni ya kunukia atampa mdogo wake, akusifu kwa ukarimu. Usiseme katikati ya ugomvi, wala kitandani, wala mbele ya watoto. Ngoja mkiwa wawili, mmetulia: "Baba Asha, siku hizi nasikia harufu kinywani mwako. Hebu tuangalie fizi, twende kwa daktari wa meno." Inatosha. Usitaje wifi, usitaje mwaka ilipoanza.

Daktari simtaji kwa kupamba maneno. Kinywa kinachonuka licha ya mswaki mara nyingi kina fizi zinazougua, jino lililooza au ulimi usiosuguliwa. Mwanamke anayetokwa na majimaji yenye shombo ya samaki aende kliniki. Huenda ni bakteria wa ukeni wamevurugika, na dawa ipo. Kujiosha ndani kwa sabuni au manukato, kama wengine wanavyoshauriana, kunazidisha. Na mtu aliyekuwa nadhifu akaacha ghafla kuoga na kubadili nguo, usimwite mchafu kabla hujamuuliza moyo wake ukoje. Huenda ni sonona.

Najua zipo nyumba ambamo neno hilo litajibiwa kwa kofi. Huko ugonjwa si harufu, na mke asijitoe mhanga kwa ajili ya kwapa. Lakini kwa wale wanaoona haya tu, mila zimetuachia njia. Bibi na mjukuu ni watani. Bibi anaweza kumwambia mjukuu wake ananuka beberu, wakacheka, na kesho yake akaoga. Kumtuma bibi si umbeya, kwa kuwa neno linafika kwa mwenyewe. Umbeya ni lile linalozunguka mtaa mzima bila kumfikia.

Anayeambiwa naye ana wajibu wake. Asiulize "nani kakutuma?" Asilipize kwa kuhesabu kasoro za mwenzake, wala asinune siku tatu. Aliyekwambia amekuchagulia aibu ya dakika mbili chumbani badala ya aibu ya miaka mtaani. Chukua taulo, nenda kaoge. Shukrani utampa ukitoka.