Alama Zako Usizifiche



Kuna maneno yanazunguka sana, hasa kwa jamaa zetu walioko Marekani: kwamba mtihani wa SAT ni wa watoto wa matajiri, basi binti ambaye alama zake si za juu kabisa azifiche tu, apeleke insha na vyeti. Sisi hatukubali.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtihani huo una kasoro zake. Mwenye pesa humwekea mwanawe mwalimu wa nyumbani, kisha humrudisha mara ya pili na ya tatu mpaka alama zipande. Lakini ukiuondoa, kinabaki nini? Inabaki insha, ambayo mwenye pesa humlipa mshauri aipige msasa. Inabaki michezo ya makasia na ya vitara, na kuwa mtoto wa mtu aliyesoma chuo hicho hicho. Binti wa dereva wa teksi atavipata wapi hivyo?

Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa utafiti juu ya vyuo 12 vinavyochagua sana, Harvard na Yale vikiwemo. Watoto wa ile asilimia 1 ya matajiri wa juu walikuwa na nafasi ya kuingia kusoma huko zaidi ya mara mbili ya watoto wa familia za kati wenye alama zile zile. Alama zile zile, dada! Pengo hilo basi halikutoka kwenye mtihani.

Linalotuuma zaidi ni la Dartmouth. Baada ya korona kuingia, kupeleka alama kulifanywa hiari. Chuo kilipochunguza kiliona kwamba baadhi ya wanafunzi wa hali ya chini, wenye kiasi cha 1400 kati ya 1600, hawakuzipeleka. Walizidhani ndogo, kumbe zingewasaidia, maana chuo huzipima pamoja na shule mtoto aliyotoka. Mtoto kajifungia mlango kwa mkono wake! Februari 2024 Dartmouth ikarudisha sharti la mtihani, na Harvard ikafuata Aprili. MIT ilishatangulia tangu 2022.

Kwa hiyo mama, kabla hujamwambia binti afiche, linganisha alama zake na za shule yake, si za mtoto wa jirani. Mazoezi ya bure yapo Khan Academy. Na nyinyi maharusi mnaofuata waume huko na mnataka kusoma, mtihani hufanyika zaidi Jumamosi na kujiandikisha ni wiki kadhaa kabla, basi msiupange wiki ya singo.

Kila chuo kina sharti lake, liangalieni mapema. Vyuo vya University of California havitazami SAT kabisa katika kuchagua, hata ukiwa na 1600.