Mwanamichezo asiache githeri kwa unga wa mkebe

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii yafaa kukumbukwa wakati huu ambapo unga wa protini na wa kreatini unatembezwa kila mahali: katika kumbi za mazoezi mijini, madukani, na zaidi katika simu za vijana wetu. Kijana huonyeshwa mtu mwenye kifua kipana na mikono iliyotuna, kisha huonyeshwa mkebe. Haelezwi kilichomo wala jinsi kinavyofanya kazi. Huachwa aziunganishe picha hizo mbili mwenyewe. Matokeo ni kwamba wapo wanafunzi wanaoamini kuwa asiyekunywa unga huo anajisumbua bure uwanjani.

Swali ninalotaka tulijadili ni moja: je, mtu anayefanya mazoezi anahitaji nyongeza hizi? Jibu langu ni kwamba walio wengi hawazihitaji, na mwanafunzi wa shule ya upili anazihitaji kidogo zaidi kuliko wote.

Tuanze na neno lenyewe, maana mara nyingi upotovu huanzia katika lugha. Nyongeza ni kitu kinachoongezwa juu ya kingine ambacho tayari kipo. Kwa hivyo, anayeuza nyongeza ana wajibu wa kutuonyesha kwanza upungufu uko wapi. Lakini wauzaji hukwepa wajibu huo kwa kubadilisha majina. Huyu huiita bidhaa yake dawa, yule huiita chakula cha misuli. Dawa humfaa mgonjwa, na chakula ni cha lazima kwa kila mtu. Basi anayesikia majina hayo hujiona mgonjwa au mwenye njaa hata kabla ya kujiuliza kama amepungukiwa na chochote. Ilhali majina ya kisayansi yanatueleza ukweli mwingine. Kreatini iligunduliwa mwaka wa 1832 na Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipokuwa akichunguza nyama, na jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya nyama. Hata unga wa protini unaouzwa sana hutokana na maji ya maziwa yanayobaki jibini inapotengenezwa. Ni dhahiri, basi, kwamba vitu hivi vilikuwa chakulani kabla ya kutiwa mkebeni.

Sasa tupime upungufu wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mzima anahitaji takriban gramu 0.83 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Anayefanya mazoezi makali huhitaji zaidi, na hilo halina ubishi. Mwaka wa 2018, watafiti walikusanya matokeo ya majaribio 49 yaliyohusisha watu 1,863 waliokuwa wakifanya mazoezi ya kunyanyua uzito. Waliona kwamba protini ya ziada ilisaidia kwa kiasi kidogo kukuza misuli, lakini manufaa hayo yalikoma mtu alipofikisha takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Kinachozidi hapo hakigeuki kuwa misuli. Mwili hukivunjavunja, ukatoa sehemu moja kwa njia ya mkojo na kuiunguza nyingine au kuifanya mafuta. Anayemeza unga juu ya mlo uliokwisha kutosha, basi, hujinunulia mkojo wa bei ghali.

Tumchukue mwanafunzi wa kilo 60. Kiwango hicho cha juu ni sawa na gramu 96 kwa siku. Gramu 400 za unga wa mahindi, zikigawanywa kati ya uji na ugali, humpa gramu 32 hivi. Gramu 150 za maharagwe makavu, yakishapikwa, humpa takriban 33. Nusu lita ya maziwa humpa 16, na mayai mawili 12. Jumla ni gramu 93, na bado hatujagusa ndengu, njugu, omena wala nyama. Isitoshe, mahindi na maharagwe hukamilishana. Mahindi yamepungukiwa na lisini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, nayo maharagwe yana lisini tele. Maharagwe nayo yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi huifidia. Bibi zetu waliopika githeri hawakuyajua majina haya, lakini chungu chao kilikuwa na hekima.

Ushahidi hautoki mbali. Mwaka wa 2002 ulichapishwa utafiti kuhusu vijana 12 wakimbiaji wa jamii ya Wakalenjin, wenye umri wa kati ya miaka 15 na 20. Chakula chao kikuu kilikuwa mahindi na maharagwe. Walipopimiwa walichokula, ilionekana kwamba walipata gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito, yaani kile kile kiwango ambacho wanaonyanyua vyuma wanahimizwa kukitafuta mkebeni. Aidha, takriban asilimia 71 ya nishati yao ilitokana na wanga, na wanga ndio unaomwendesha mkimbiaji.

Insafu yatudai tuseme kweli kuhusu kreatini, kwa maana yenyewe si ulaghai. Mwili huitengeneza, takriban gramu moja kwa siku, na kiasi kingine hutokana na nyama na samaki. Karibu yote huwekwa katika misuli, ambako husaidia kurejesha upesi nguvu inayotumika katika sekunde chache za kazi nzito. Tangu mwaka wa 1992 imejulikana kwamba anayemeza gramu kadhaa kila siku huongeza akiba hiyo. Ndiyo maana huwafaa wanyanyua uzito, wakimbiaji wa mbio fupi na wachezaji wa raga. Lakini mkimbiaji wa mita 10,000 hategemei sana akiba hiyo, na kilo moja au mbili zinazoongezeka kwa sababu misuli huhifadhi maji zaidi huwa ni mzigo kwake. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, utafiti wa miaka mingi haujaonyesha kwamba inadhuru figo inapotumiwa kwa kipimo. Mwenye maradhi ya figo asiiguse bila ushauri wa daktari. Kwa walio chini ya miaka 18, utafiti ungali mchache, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hakiungi mkono matumizi yake kwa vijana.

Kuna hatari nyingine ambayo mtangazaji hawezi kuitaja. Lebo si kiapo. Kati ya mwaka wa 2000 na 2001, maabara moja mjini Cologne, Ujerumani, ilichunguza nyongeza 634 zilizonunuliwa katika nchi 13. Miongoni mwazo, 94 zilikuwa na homoni za kujenga misuli ambazo hazikutajwa popote kwenye lebo. Hiyo ni karibu 15 katika kila 100. Kanuni za kupambana na pufya zinasema kwamba mwanamichezo anawajibika kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Kenya ilipitisha sheria yake kuhusu jambo hili mwaka wa 2016, na sote tumeshuhudia majina ya wanariadha wetu yakisomwa kwa aibu. Kijana anayetarajia kulipiwa karo na miguu yake aweza kuipoteza riziki hiyo kwa kijiko kimoja cha unga asioujua ulikotoka.

Watakaonipinga watasema kwamba mabingwa wa dunia huzitumia nyongeza hizi. Ni kweli, baadhi yao huzitumia. Lakini bingwa hufanya mazoezi mara mbili kwa siku, ana mtaalamu wa lishe, na hununuliwa bidhaa zilizopimwa. Amekwisha kukamilisha mlo, usingizi na ufundi, naye sasa anatafuta tofauti ya nukta za sekunde. Mwanafunzi wetu hulala saa tano na kuamshwa kabla ya mapambazuko. Anayetaka kumwongezea nguvu na amwongezee usingizi kwanza. Wapo pia wanaoweza kufaidika na unga wa protini, kama vile wazee waliopoteza hamu ya kula na wagonjwa wanaopata nafuu. Hao waelekezwe na daktari, wala si na tangazo.

Iwapo upungufu upo shuleni, basi umo sufuriani. Tunazijua shule ambako ugali na kabeji ndio mlo wa jioni kwa wiki nzima, na maharagwe huogelea kwenye mchuzi yakihesabika. Mwanafunzi wa shule hiyo ana haki ya kulalamika. Lakini dawa yake ni maharagwe zaidi, yai, au kikombe cha maziwa, na dawa hiyo itamfikia hata mwenzake ambaye mzazi wake hana uwezo wa kununua mkebe. Bei ya mkebe mmoja, ambayo hufika maelfu ya shilingi, hununua kilo nyingi za maharagwe za kuwalisha wachezaji wa timu nzima.

Walimu wenzangu, hasa mnaosimamia michezo, waulizeni vijana wenu wanakunywa nini. Msiwakemee, wafundisheni kuhesabu gramu kama nilivyofanya hapa, kisha pelekeni hesabu hiyo kwa halmashauri ya shule inayopanga bajeti ya jikoni. Nanyi wanafunzi, kabla ya kutoa pesa mfukoni, mwulizeni muuzaji swali moja tu: hiki ni nyongeza ya nini? Asipoweza kuwaonyesha mlichopungukiwa nacho, basi usiache mbachao kwa msala upitao.