Viza ya Mwanafunzi Inaanzia Bugarama

Msimu wa mashindano ya wanafunzi umefika tena. Julai mwaka huu wa 2026 Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati inafanyika Shanghai, China. Januari ijayo vijana wanasayansi watakutana Dublin, Ireland, kama ilivyo ada yao. Nasi wana wa Bugarama, Kahama na Geita nchini Tanzania tunaoishi ughaibuni tunazijua simu za msimu huu. Mtoto amechaguliwa, safari ni mwezi ujao, pasipoti bado haijatoka. Kisha linafuata ombi lenyewe: "Mjomba, wewe uko hukohuko Ulaya, hebu ongea na ubalozi wampe viza."

Hakuna mjomba mwenye uwezo huo, na ni vizuri tuseme hivyo bila kuzunguka. Afisa wa viza huangalia karatasi zilizo mbele yake, na karatasi hizo hazitengenezwi London wala Toronto. Zinatengenezwa Bugarama, Kahama na Shinyanga, miezi mingi kabla ya safari. Watoto wetu wanakosa safari kwa sababu maandalizi yanaanzia mwisho, na sisi tulio nje tunaitwa jambo likiwa limeshaharibika.

Uwezo wa watoto hauna shaka. Tangu mwaka 2011, Dk. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry walipoanzisha Young Scientists Tanzania, wanafunzi wa sekondari kutoka kila pembe ya nchi wamekuwa wakishindanisha kazi zao za kisayansi, na washindi wamepelekwa Dublin kuonesha walichogundua. Kwa jirani zetu wa Mwanza upo mfano mkubwa zaidi. Mwaka 2014 vijana waliowahi kuishi mitaani walikwenda Rio de Janeiro, Brazil, kwenye Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani, wakaifunga Burundi mabao 3 kwa 1 katika fainali na kurudi na kombe. Kila mchezaji wa timu ile alihitaji pasipoti, na pasipoti haitoki bila uthibitisho wa kuzaliwa. Ikiwa mtoto aliyelala barazani mwa maduka aliweza kupata karatasi zake kwa kuwa walikuwepo watu wazima wa kuzifuatilia, mtoto anayelala kwao Bugarama anashindwaje?

Tuifungue bahasha ya mwanafunzi wa kidato cha tatu anayejiandaa kusafiri, tutazame kilichomo. Cheti cha kuzaliwa mara nyingi hakimo. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano ulianza Mbeya mwaka 2013 na ulifika Shinyanga na Geita baadaye, kwa hiyo wengi walio sekondari leo walikuwa wameshavuka umri huo. Kwao usajili ni wa kuchelewa. Unapitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na unadai vielelezo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba.

Hapo ndipo majina yanapogongana. Kadi ya kliniki inasema Ng'washi, shule imeandika Mwashi, cheti cha ubatizo kina jina la kizungu ambalo halimo kwingine. Jina la tatu huku ni la babu, kule ni la ukoo. Nyumbani hakuna anayechanganyikiwa, kwa maana kila mtu anamjua mtoto ni wa nani. Lakini mbele ya afisa asiyewahi kumsikia Msukuma akitaja jina lake, hao ni watu watatu tofauti. Kurekebisha herufi mbili kunadai hati ya kiapo kwa wakili, kunadai shule ikubali kubadilisha kumbukumbu zake, na kunadai muda. Likifanyika mtoto akiwa kidato cha kwanza ni jambo dogo. Likisubiri wiki tatu kabla ya safari, linaiua safari.

Baada ya cheti inakuja pasipoti. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, inagharimu shilingi 150,000, na mtoto ambaye hajafikisha miaka 18 lazima awe na ridhaa ya mzazi au mlezi. Alama za vidole zinachukuliwa ofisi ya Uhamiaji, na kutoka Kahama hadi Shinyanga mjini ni kama kilomita 100. Kisha viza yenyewe iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Bugarama. Mwalimu na mwanafunzi wanapanda basi, wanalala kwa ndugu Mbagala au Kimara, wanatoa alama za vidole na kurudi. Mzigo wa gharama hiyo unaiangukia familia hata kama nauli ya ndege imelipwa na waandaaji wa mashindano.

Kipengele kinachowaumiza zaidi watu wa ukanda wetu ni fedha. Fomu nyingi za viza zinataka taarifa ya benki na barua ya mwajiri. Baba anafanya kazi duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, analipwa kwa mgao wa mawe, na fedha yake inaishi mfukoni na kwenye simu. Afisa anaona mtu asiye na kipato, wakati mtu huyo anasomesha watoto wanne. Ila karatasi zipo, hatuzikusanyi tu. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mchimbaji mdogo anayeuza katika masoko ya madini anapewa stakabadhi. Mwenye leseni ya uchimbaji mdogo anayo hati yake. Mkulima wa pamba au mpunga anayeuza kupitia chama cha ushirika (AMCOS) ana risiti. Miamala ya simu inaweza kuchapishwa. Mzazi aliyekusanya hizo kwa mwaka mzima, na barua ya serikali ya kijiji juu ya nyumba na shamba lake, ana jibu la maana afisa anapouliza mtoto huyu atarudi kwa nani.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba mlango unafungwa na makosa yetu peke yake. Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinamtaka afisa amhesabu karibu kila mwombaji wa viza ya muda kuwa anakusudia kuhamia, mpaka mwombaji mwenyewe athibitishe kinyume. Mwaka 2017 wasichana sita wa Herat, Afghanistan, walichaguliwa kwenda Washington kwenye mashindano ya roboti ya FIRST Global. Walisafiri kama kilomita 800 hadi Kabul kwa usaili, wakanyimwa. Wakarudia safari ile, wakanyimwa tena. Timu ya Gambia nayo ilinyimwa kabla ya kukubaliwa. Kelele za dunia nzima ndizo zilizowafungulia wasichana wale, wakawasili mashindano yakiwa mlangoni, na wakaondoka na medali ya fedha ya ujasiri. Umaarufu nao si kinga. Julai 2022 Ferdinand Omanyala wa Kenya, mwenye rekodi ya Afrika ya mita 100, alifika Eugene, Oregon, saa chache tu kabla ya mbio zake za mchujo, kwa sababu viza ilichelewa.

Hali ya sasa kwa Watanzania ni ngumu zaidi. Oktoba 2025 Marekani iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo waombaji wa viza ya matembezi au biashara wanaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000. Tangu Januari 1, 2026 viza hizo na za wanafunzi zimesitishwa kwa sehemu kubwa kwa raia wetu. Wameachiwa nafasi wanamichezo wa Kombe la Dunia, Olimpiki na mashindano mengine makubwa ya michezo. Mtoto wa hisabati na roboti hakutajwa. Jambo hili si la haki, na jumuiya yetu inapaswa kulisema kwa sauti. Wanajumuiya wenye uraia wa Marekani wana wabunge wao. Wawaandikie kudai mwanafunzi wa mashindano apewe nafasi ileile anayopewa mpiga mpira.

Wakati tukidai hilo, ipo milango mingine ambayo hatuitumii ipasavyo. Kanuni ya viza ya Schengen, ya nchi nyingi za Ulaya, inatoza euro 90 kwa mtu mzima, lakini inawasamehe ada wanafunzi na walimu wanaoongozana nao wanaposafiri kwa masomo au mafunzo, na vijana wasiozidi miaka 25 wanaowakilisha taasisi zisizo za kibiashara kwenye matukio ya elimu, michezo au utamaduni yanayoandaliwa na taasisi za namna hiyo. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Jibu hutolewa ndani ya siku 15, na linaweza kusogezwa hadi siku 45. Anayenyimwa anapewa sababu kwa maandishi na ana haki ya kukata rufaa. Walimu wajue pia kwamba Ireland haimo katika Schengen: mwanafunzi anayekwenda Dublin anaomba viza ya Ireland, hata kama anayo ya Ujerumani.

Onyo moja haliwezi kungoja. Wapo vishoka wanaozunguka na taarifa za benki za kughushi, wakiwaambia wazazi kwamba bila mamilioni kwenye akaunti mtoto hapiti. Uingereza inaweza kumfungia miaka 10 mtu aliyedanganya kwenye maombi, na Marekani inaweza kumfungia maisha. Risiti halali ya gramu chache za dhahabu ina nguvu kuliko akaunti ya uongo, na mtoto wa miaka 16 hastahili kubeba doa hilo mpaka uzeeni.

Ardhi ya Bugarama imeshazoea kusafirisha mali. Kwa miaka mingi makinikia ya dhahabu ya mgodi wa Bulyanhulu yalipakiwa kwenye makontena, yakapelekwa bandarini Dar es Salaam na kuvuka bahari, yakiwa na hati zote: uzito, asili, mwenye mali na yanakokwenda. Mtoto aliyezaliwa juu ya dhahabu hiyo anadaiwa hati zilezile, naye hakuna aliyemwandalia.

Kwa hiyo tunawaomba wanajumuiya mambo matatu. La kwanza, fedha tunazochanga kila mwaka kwa ajili ya nyumbani zianze kulipia vyeti vya kuzaliwa na pasipoti za wanafunzi wenye vipaji kabla hawajachaguliwa, kwa orodha itakayotoka kwa walimu wakuu. La pili, kila nchi tuliko awepo mwanajumuiya mmoja anayezifahamu taratibu za viza za nchi hiyo, atakayesoma barua ya mwaliko kabla haijatumwa na kuhakikisha jina lililomo ni lile lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. La tatu, wenye nafasi ya kumpokea mtoto waandike barua za kweli, zenye anwani na uthibitisho wa makazi, na wakubali kuulizwa.

Na kwa ndugu zetu mlioko nyumbani, baba, mama, shangazi na walimu: msisubiri jina la mtoto litangazwe. Wiki hii toeni kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na ripoti ya shule, ziwekeni mezani pamoja, na someni jina kwenye kila moja. Yakitofautiana, nendeni kwa wakili na ofisi ya wilaya sasa, mtoto akiwa bado na muda.