Heshima si Utumwa

Lugha hailelewi na vitabu, hulelewa na watu. Atakaye ushahidi naatazame Java, kisiwa cha Indonesia.

Mjava akitaka kusema “kula”, hana budi ajiulize kwanza: ni nani alaye, na nasema na nani? Kwa rika lake atasema mangan. Kwa asiyemzoea, nedha. Akimtaja mzee wake, dhahar. Lugha ya mazoea huitwa ngoko, ya adabu krama. Zamani mnyonge alimwambia bwana kwa krama, na bwana akamjibu kwa ngoko, hata kila mmoja akakumbushwa cheo chake katika kila neno.

Wako walioona huo ni udhalilifu. Mwaka 1917, mjini Surabaya, kilizuka chama cha Jawa Dipa, kikataka wakubwa kwa wadogo waseme ngoko. Na vijana wazalendo walipokula kiapo tarehe 28 Oktoba, 1928, lugha ya umoja waliyoishika haikuwa Kijava, ingawa Wajava ndio wengi kushinda wote. Walishika Kimalayu, lugha ya bandari na biashara, isiyompa Mjava ukubwa juu ya wenziwe. Ndicho Kiindonesia cha leo.

Mimi nasema walichagua vyema. Lakini siku hizi vijana wengi wa Kijava, kwa kuogopa kukosea krama mbele ya wazee, hukimbilia Kiindonesia. Hapo ndipo nisipokubali. Hata Kiindonesia chenyewe hakikuweza kuishi bila adabu: mtu mzima huitwa Bapak, yaani baba, au Ibu, yaani mama, wala haambiwi “wewe” kavukavu.

Sisi tuliokaa jamvini chuoni mbele ya maalim twalijua jambo hili. Katika pesantren, vyuo vya dini vya Java, kuna mila ya kufasiri vitabu vya Kiarabu neno kwa neno kwa Kijava, kwa hati ya Kiarabu iitwayo Pegon, kama wazee wetu walivyoandika tenzi zao kwa hati ya Kiarabu. Basi Mjava akiacha lugha yake haachi maneno ya kunyenyekea tu. Huacha na ufunguo wa elimu ya babu zake.

Ubwana na uondoke, nami nitaushangilia. Lakini mtoto na afundishwe neno la kumkaribishia babu yake chakula. Wahenga wetu walikwisha sema: heshima si utumwa.