Kumshangilia na Kumhoji Mtu Yule Yule

Likitajwa jina kubwa huku kwetu Lindi, Ruangwa au Nachingwea, madai matatu hayakosi kusikika. Nayapinga yote matatu.

"Watu wa huku vigeugeu: leo shangwe, kesho manung'uniko." Kassim Majaliwa alikuwa mbunge wa Ruangwa tangu 2010, na Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likazisomba. Malipo ya wengi yakachelewa hadi mwaka uliofuata. Mkulima aliyekunja stakabadhi ya ghala mfukoni, akaingia uwanjani kuishangilia timu ya Namungo ya Ruangwa, kesho yake akarudi chama cha msingi cha ushirika kuulizia fedha zake, amegeuka wapi? Anajivunia mtoto wa kwao, na uzito wa korosho zake anaujua.

"Namungo ni timu ya mkubwa." Kweli, uwanja unaitwa Majaliwa, na jina kubwa hufungua milango. Ila jina halichezi mpira. Namungo ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20. Mwaka 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho kule Sumbawanga, Simba ikaifunga 2-1, kisha Namungo ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Jasho hilo ni la wachezaji na makocha wao, na la mashabiki walioketi juani kuwapa moyo.

"Shujaa hahojiwi." Hili ndilo la hatari kuliko yote. Nachingwea palikuwa na kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, na hapo Samora Machel aliwaandaa wapiganaji walioipigania Msumbiji hadi uhuru wa 25 Juni 1975. Kwa hilo anastahili heshima. Lakini Mei mwaka huohuo, Nachingwea hapohapo, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alilazimishwa kusoma maungamo ya usaliti mbele ya umati. Baadaye aliuawa bila kufikishwa mahakamani. Anayelisema hili hamwonei Samora wivu. Anakataa Simango asahaulike.

Mcheza kwao hutuzwa, na tuendelee kuwatuza wetu. Lakini tuzo haifuti deni. Jirani yako akiuliza swali kuhusu mtu unayempenda, usimwite mwenye husuda. Msikilize, kisha mjibu.