PAMBA GHAFI NA VIPAJI GHAFI

Mpira wa kikapu si mchezo uliozoeleka Bariadi. Hata hivyo, upo msimu mmoja wa timu ya wanaume ya chuo kikuu cha ng'ambo ambao, kwa maoni yetu, unatuhusu sana sisi wakulima wa pamba. Ni msimu wa 2008/2009 wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani.

Katika msimu huo timu hiyo ilishinda michezo 31 na kupoteza mitano. Nguzo yake ilikuwa kijana wetu wa Kitanzania, Ndugu Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa mita 2.21. Kwa wastani, katika kila mchezo alifunga pointi 13.6, akadaka mipira 10.8 iliyokosa kikapu na kuzuia mitupo minne ya wapinzani. Usiku wa Machi 12, 2009, Connecticut ilipambana na Syracuse hadi muda ukaongezwa mara sita, ndipo ikafungwa 127 kwa 117. Aprili 4, mjini Detroit, ilitolewa na Michigan State kwa 82 dhidi ya 73 katika nusu fainali ya taifa la Marekani. Juni mwaka huohuo timu ya Memphis Grizzlies ikamchagua Thabeet, akiwa wa pili kati ya vijana wote walioteuliwa. Akawa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ya NBA.

Taifa lilishangilia, na lilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini shangwe haichukui nafasi ya tafakuri. Thabeet alianza mchezo huu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Sehemu kubwa ya ufundi wake aliupata Marekani, kwanza katika sekondari mjini Houston, kisha chuoni. Huko NBA alikutana na watu walioushika mpira tangu utotoni, na kufikia mwaka 2014 safari yake katika ligi hiyo ilikuwa imekwisha. Urefu ni majaliwa ya Mwenyezi Mungu. Ufundi ni mafunzo, na mafunzo yana umri wake.

Sisi wa Simiyu tunaijua vema hadithi ya namna hii. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga, huongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huondoka ikiwa marobota, ikasokotwa na kufumwa na wengine, nasi tukanunua nguo. Kijana wetu naye aliondoka akiwa mali ghafi, akasokotwa kwingine. Hatumlaumu yeye wala waliompokea. Tunajiuliza sisi tulioko nyumbani.

Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, mwaka uleule wa Elimu ya Kujitegemea. Msingi ulikuwapo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari yalisimamishwa, kisha yakarejeshwa baada ya miaka kadhaa. Mti usiomwagiliwa ungali mche hauwezi kudaiwa matunda.

Wapo watakaosema kwamba madawati na maji vije kwanza. Hoja hiyo ni nzito, wala hatuipuuzi. Lakini uwanja wa kikapu ni mita 28 kwa 15 tu, na pete yake husimama mita 3.05 kutoka ardhini. Mchanga na mawe tunayo, mafundi wa kuchomelea vyuma wapo, na nguvu za wananchi zimekwisha kujenga madarasa mengi kuliko hayo. Kinachopungua ni saruji, mipira na mwalimu aliyefundishwa mchezo wenyewe.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa halmashauri za Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega: kila moja ichague shule moja, itenge sehemu ndogo ya ushuru wa pamba, na kumpeleka mwalimu mmoja mafunzoni. Kazi ianze na watoto wa miaka kumi, wavulana kwa wasichana, wala tusingoje arefuke mmoja ndipo tumtafutie nauli ya kwenda kufundishwa ng'ambo.

Msimu wa kilimo haumngojei mkulima aliyechelewa kupanda. Msimu wa mtoto nao ni vivyo hivyo.