Zombi wa bei nafuu: kicheko kipo, hadithi iko wapi?

Tuseme uko Kasikeu, una simu moja, marafiki wanane na Jumapili nzima. Filamu gani utaiweza? Ya mapenzi inataka waigizaji hodari, ya ujambazi inataka magari. Zombi anataka unga wa ngano usoni, shati lililochanika na mtu wa kuburuta mguu. Vumbi la Makueni ni la bure.

Damu ikionekana wazi ni rangi ya chakula, mtazamaji anacheka, na kicheko ndicho ulichokitaka. Isaac Nabwana alilijua hilo kule Wakaliga, Kampala. Filamu yake ya 2010, Who Killed Captain Alex?, ni ya makomando, si ya zombi, na husemwa iligharimu chini ya dola 200. VJ Emmie anaropoka utani juu ya picha mwanzo hadi mwisho, jinsi DJ Afro anavyofanya huku kwetu. Bila yeye, sidhani ungeimaliza.

Lakini ubovu wa makusudi huchosha haraka. One Cut of the Dead ya Japani, ya 2017, ilitengenezwa kwa takriban yeni milioni 3 ikaingiza zaidi ya bilioni 3. Dakika 37 za mwanzo hazina mkato hata mmoja, na zinaboa kweli: watu wanasitasita, mazungumzo hayana kichwa wala miguu. Halafu unaonyeshwa yaliyokuwa yakiendelea nyuma ya kamera, na kila kosa linageuka kichekesho. Hiyo ni kazi ya mwandishi, si ya pesa.

Zetu nyingi hukwama hapo, na kwenye sauti (upepo ukivuma kwenye maiki ya simu, mzaha umekufa). Tena tunaiga zombi wa Marekani aliyetoroka maabara. Maabara gani, Kasikeu? Wakamba wana aimu, mizimu ya wahenga. Hebu fikiria babu anafufuka kudai shamba lililouzwa bila idhini yake. Makueni watacheka, wengine kwa wasiwasi.

Halafu kuna karatasi. Night of the Living Dead ya George Romero, 1968, ilibadilishwa jina, na wasambazaji wakasahau kuandika alama ya hakimiliki. Ikawa mali ya umma, kila mtu akaiuza. Hapa kwetu KECOBO husajili kazi kama hizo, na Sura ya 222 inadai leseni ya kurekodi filamu ya kuonyeshwa hadharani. Wengi huyakumbuka hayo klipu ikiwa tayari imezunguka WhatsApp, jina la mwenyewe limekatwa.